Josho la Bi Salma na Kompyuta ya Sadallah

Mwanamke akifariki mtaani kwetu Tandika, kabla hata turubai halijafungwa, mtu alikuwa ameshatumwa kwa Bi Salma. Hakuna aliyeuliza nani ataosha. Kuuliza hivyo ilikuwa sawa na kuuliza jua litatokea upande gani.

Bi Salma alikuja na kanga zake mbili, kibuyu cha marashi, na mimi nyuma yake. Kazi yangu ilikuwa ndoo. Watu wakiniona nimeongozana naye walidhani na mimi ni mtaalamu, wakanipisha njia kwa heshima, na mimi, Mungu anisamehe, nilipita kama ninayestahili. Kumbe ndani ya chumba kile kazi yangu ilikuwa kuleta maji, kumwaga maji, na kunyamaza. Kunyamaza nilikuweza. Maji, kuna siku niliyamwaga miguuni kwa Bi Salma mwenyewe, akasema bila kugeuka, "Mauwa, mimi bado niko hai. Anza na huyu."

Ndivyo alivyokuwa. Mdomo mkali na mikono laini. Mikono ile sijaona mfano wake. Alimgeuza marehemu kama mama anavyomgeuza mtoto aliyelala, asimwamshe.

Sasa macho yake yakaanza kuingia ukungu, na mwanawe Mashaka, aliyekuwa na duka Kilwa Kivinje, akasema mama haishi tena peke yake, anakuja kumchukua Ijumaa baada ya swala. Akina mama tukakusanyika kibarazani kwake kama watu waliopewa taarifa ya msiba. Mmoja akauliza lile lililokuwa moyoni mwa kila mtu: "Sasa sie tutaoshwa na nani?"

Bi Salma akanyoosha kidevu upande wangu. "Huyu hapa."

Wakaniangalia. Na mimi nikageuka nyuma kuangalia anayesemwa ni nani.

"Bi Salma," nikamwambia, "mie miaka yote hii nimebeba ndoo tu. Zile dua za kila hatua sizijui kwa mpangilio. Kichwa changu unakijua, ni pakacha. Na kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi, lakini si pakacha la dua."

"Basi andika," akasema. "Si unajisifu wewe ni mpiga taipu?"

Hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Ni kweli nilikuwa najisifu. Nilisoma mpaka darasa la nane la zamani, nikajifunza taipu jioni jioni pale Kariakoo, nikapata kazi katika kiwanda kimoja cha nguo. Nikapiga taipu huko mpaka kiwanda kilipouzwa na sie tukaambiwa asanteni. Zikaja zile zama za ruksa, kila mtu anauza kitu. Sadallah, jirani yetu, aliuza mitumba, akaja akauza mafriji ya Dubai, mwisho akafungua duka la kupiga taipu na kutoa fotokopi, akanichukua mimi na taipu yangu. Tukaelewana vizuri. Mpaka siku aliyorudi kutoka Dubai na kompyuta.

Ilikuwa mtumba nayo. Herufi tatu za kibodi zilikuwa zimefutika, lakini Sadallah aliiweka juu ya meza kama mtu anayemtambulisha mke mdogo. "Bi Mauwa, sasa hivi ndiyo mambo yote. Taipu tuiache ipumzike." Akamwita fundi wake, kijana mmoja wa Buguruni aitwaye Jamali, anifundishe.

Jamali alikuwa mpole, mtoto wa watu. Alinifundisha kuwasha, kuzima, kuandika, kuhifadhi kwenye disketi. Nikamweleza shida yangu ya josho. Nikamwambia: kwenye taipu mimi nilizoea kuweka karatasi ya kunakili kushoto kwangu, na ninayoandika kulia, jicho linakwenda huku na kule. Sasa hii kazi ya Bi Salma ina pande mbili. Upande mmoja kitendo: hapa unafunika, hapa unakamua tumbo polepole, hapa unatawadhisha. Upande wa pili dua ya kitendo hicho. Lazima viende pamoja mstari kwa mstari, kikitangulia kimoja kimeharibika kingine.

"Rahisi mama," akasema. "Tunafungua madirisha mawili. Unaona huu utepe wa chini, wa kijivu? Kila dirisha unalofungua, jina lake linakaa hapa. Ukitaka kuyapanga, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya hapa kwenye utepe, pale pasipo na kitu. Inakuja orodha. Hili neno ni la kuyapandanisha kama ngazi. Hili ni juu na chini. Hili ndilo lako, ubavu kwa ubavu, kama vigae."

Akabonyeza. Yale madirisha yakajitenga yenyewe, moja kushoto, moja kulia, yakasimama sawasawa kama watu waliosikia iqama ya swala. Nikasema Subhanallah, kwa sauti. Mteja aliyekuwa anasubiri fotokopi akacheka.

Sadallah akaniruhusu niitumie asubuhi kabla wateja hawajawa wengi. Kwa hiyo kila asubuhi ya wiki ile Bi Salma alikuja na tasbihi yake, akakaa kwenye benchi nyuma yangu, akaanza kusema, na mimi kuandika. Kushoto kitendo, kulia dua. Siku ya kwanza tulikwenda vizuri mno hata nikaanza kuwahurumia wanaosema kompyuta ni ngumu.

Jioni yake nikamaliza kazi nyingine niliyokuwa nayo mkononi. Nilikuwa nafuma kitambaa cha kuifunika ile kompyuta. Sasa hapa msomaji wa kike atanielewa. Kwetu redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa, friji lina kitambaa na juu yake maua ya plastiki. Kitu cha thamani kukaa uchi mbele ya watu ni aibu ya mwenye nyumba. Nilikifuma kwa uzi mweupe na kijani, pembeni nikakitia meno marefu, nikakivisha kile kioo asubuhi na mapema. Meno yakashuka mbele kidogo, kama ushungi wa mwanamke aliyejistahi. Kikapendeza. Sadallah akasema kiko poa. Bi Salma akakipapasa akasema, "Uzi mzuri," na kwake hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Ninyi mmeshajua tunakoelekea. Mimi sikujua.

Siku hiyo hiyo niliamua kuifuta vumbi mashine nzima, maana mpiga taipu wa kweli haanzi kazi kabla hajaifuta mashine yake. Nikaifuta meza, nikaifuta kibodi, nikakishika kipanya nikakifuta tumbo na mgongo kwa nguvu, huku na huku, kwa nia njema kabisa. Nilipoinua macho, ule utepe wa chini haukuwapo.

Nikatazama chini ya kioo. Nikatazama, msinicheke, chini ya meza.

"Nini?" akauliza Bi Salma.

"Hakuna, tuendelee."

Tukaendelea, lakini sasa madirisha hayakupangika tena. Moja likawa juu ya jingine kama masufuria kabatini. Nikiandika kwenye la juu, la chini silioni. Nikatafuta njia ya kulipunguza la juu nilione la chini, nikabonyeza kale kamstari ka pembeni Jamali alikoniambia nisikabonyeze ovyo, dirisha likajikunja likapotea. Nikajua limekwisha. Maandishi ya asubuhi nzima yamekwenda na maji.

"Bi Salma," nikasema kwa sauti ndogo, "hebu turudie mwanzo."

"Mwanzo upi?"

"Mwanzo mwanzo. Kumfunika."

Akashusha pumzi. "Hiyo tivii yako imemla?"

"Imemla."

Tukarudia. Kesho yake pia tukarudia. Kila nikifungua dirisha jipya, la zamani lilijificha nyuma au likajikunja, na mimi niliamini limekufa, nikaanza jingine. Hata kuizima mashine usiku sikuthubutu, nisije nikaimalizia. Katika kuhangaika huko nilikuwa naandika dua kwenye dirisha la vitendo na vitendo kwenye dirisha la dua bila kujua. Siku moja nikamsomea Bi Salma tulipofikia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka tasbihi pajani.

"Mauwa."

"Labeka."

"Umemvika sanda kabla hujamwosha."

Nikasoma tena. Kweli. Sanda ilikuwa mstari wa pili, maji mstari wa tano. Nikasema, "Labda alikuwa msafi." Sikujua kama atacheka au atanipiga. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga, halafu akawa mnyonge ghafla. "Mwanangu," akasema, na hakuwa na kawaida ya kuniita hivyo, "mwosha huoshwa. Mie huko Kilwa sijui atakayenishika ni nani, hilo nimemwachia Mola. Lakini hawa wa hapa niliwazalisha, nikawachezea ngoma, nikawaoshea mama zao. Sitaki waje waoshwe kwa kubahatisha. Mashaka anakuja Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano. Nikaenda kwenye simu ya Sadallah, nikampigia Jamali Buguruni, dukani kwa jamaa yake.

"Jamali, mwanangu, ule utepe umeondoka."

"Shikamoo mama. Umeondoka kwenda wapi?"

"Marahaba. Ningejua ningeufuata."

"Haujaondoka, mama. Umeuburuta bila kujua. Utakuwa umehamia upande mwingine wa kioo. Angalia kulia."

"Hakuna."

"Kushoto?"

"Hakuna."

"Juu je?"

Nikatazama juu. Nikaona kitambaa changu kimekaa vizuri, meno yamejipanga. "Juu pako sawa tu," nikamwambia.

"Sawa vipi?"

"Sawa kama siku zote. Pazuri."

Bi Salma akapaza sauti kutoka kwenye benchi: "Mwambie imekufa! Mie nikiambiwa mtu kafa najua la kufanya. Haya ya kufa nusu nusu ndiyo siyawezi."

Jamali akasikia, akacheka. "Mwambie bibi asubiri, nakuja kesho asubuhi. Msiizike kwanza."

Alhamisi akaja, mfuko wa bisibisi kwapani. Akamwamkia Bi Salma, akaniamkia mimi, akageukia mashine. Kisha akanyoosha vidole viwili, taratibu, kama bwana harusi anayemfunua mkewe, akayainua yale meno ya kitambaa.

Chini yake, juu kabisa ya kioo, ulikuwapo utepe wa kijivu. Mzima. Ulikuwa umekaa pale siku zote hizo ukinisikiliza nikiutafuta.

"Mama," akasema Jamali, "hiki nini?"

"Kitambaa."

"Naona ni kitambaa."

"Nimekifuma mwenyewe."

"Kizuri sana, mama. Ila nilikuuliza juu kuna nini."

Nilitaka kumjibu kwamba kitambaa hakihesabiwi, kitambaa ni sehemu ya kitu chenyewe, nani anamwuliza mtu umevaa nini akajibu nina nywele. Lakini aibu ilikuwa imenijaa mpaka masikioni. Bi Salma, ambaye haoni vizuri lakini masikio yake ni ya paka, akauliza, "Umeuvika ushungi ukaupoteza?"

"Ndiyo, Bi Salma."

"Alhamdulillahi. Nilidhani wewe ni mjinga wa kompyuta tu."

Jamali akakiondoa kitambaa kabisa, akanikunjia vizuri, akaniambia mashine hii inapumulia juu na mimi nilikuwa nimeiziba pua. Akaukamata ule utepe kwa kipanya, akauburuta ukashuka chini mahali pake. Hapo tukaona jambo jingine. Utepe ulikuwa umejaa majina, yamebanana kama watu wa foleni ya sukari ya zamani. Madirisha yote niliyodhani yameliwa yalikuwa mle. Hakuna lililokufa. Kila mwanzo niliouanza ulikuwa hai, umejikunja, unangoja kuitwa.

"Mama, umeanza mara ngapi?" akauliza.

"We yapange tu."

Akabonyeza, akayapanga yote kwa pamoja kama vigae. Kioo kizima kikawa vipande vipande, kila kipande kimeandikwa Bismillahi. Kwa kweli ilipendeza, ungesema ni ukuta wa msikiti. Kisha akaanza kuyafunga moja moja baada ya kuyahifadhi, akaniachia mawili ya vitendo ubavu kwa ubavu, nilinganishe, nichague lililo kamili.

Nikavaa miwani nikasoma. Kushoto limeandikwa: baada ya kutawadhisha unaanza kuosha upande wa kulia wa maiti, kisha wa kushoto. Nikavuka kulia: unaanza upande wa kushoto. Nikashuka chini. Dirisha la kushoto limeweka kafuri kwenye maji ya mwisho. Dirisha la kulia limeweka kafuri kwenye maji ya kwanza.

Kwa mazoea nikajilaumu mimi. Nikasema haya basi, pakacha limevuja. Lakini nikakumbuka. Siku tulipoandika mstari huo nilisimamisha vidole nikauliza, "Kushoto, Bi Salma?" na yeye akanijibu, "Andika unachoambiwa." Nikafungua dirisha jingine, nikalipanga kando ya lile la kwanza. Na hilo lilikuwa na lake. Kadiri siku zilivyokwenda, ndivyo mpangilio wa Bi Salma ulivyozidi kupanda na kushuka.

Sikuwa mimi. Na hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani nilipotamani kosa liwe langu.

Jamali alikuwa anasoma begani kwangu. Naye akaona, maana kijana ni mwerevu. Akafungua mdomo: "Bibi, mbona hapa umesema..."

Nikamkanyaga mguu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino kifupi, vya ule mtumba wa zamani wa Sadallah, nadhani viliingia vizuri, kwa sababu alinyamaza papo hapo.

Nikakaa nikiangalia kioo. Ijumaa ni kesho. Nikimwambia Bi Salma amesahau, nitakuwa nimempeleka Kilwa akiwa maiti kabla ya siku zake. Nisipomwambia, akina mama wa Tandika wataoshwa kinyumenyume kwa mkono wangu. Nikamwomba Mwenyezi Mungu anipe akili, hata ya kuazima.

Pembeni ya mlango palikuwa na mkeka wa Sadallah wa wageni kuswalia, umekunjwa. Nikaenda nikauchukua nikaulaza juu ya benchi la wateja.

"Bi Salma," nikamwambia, "mie kichwa changu unakijua. Ukiniambia kwa mdomo kinaingia huku kinatokea huku. Nionyeshe kwa mikono. Huyu hapa."

Akaupapasa mkeka. "Nani huyu?"

"Mtu yeyote. Mtu wa Tandika."

Akasimama. Akajifunga kanga ya pili kiunoni. Na mara tu mikono yake ilipougusa ule mkeka, mwanamke mwingine akaingia dukani. Mgongo ukanyooka. Akaufunika kwanza, akainua kidogo sehemu ya kichwani, akapitisha kiganja tumboni, taratibu, kama anayekanda unga wa watoto. Akanawisha. Nami nikawa nimekaa kwenye kompyuta, dirisha la vitendo kushoto, la dua kulia, macho kwenye mikono yake, vidole kwenye herufi. Akamaliza kutawadhisha. Nikazuia pumzi.

Mkono wake ukaenda upande wa kulia wa mkeka. Haukusita. Akaosha kulia kutoka begani mpaka mguuni, akamgeuza mtu wetu wa ukindu, akaosha kushoto. Dua zikamtoka zenyewe, kila moja mahali pake, kana kwamba zilikuwa zinakaa viganjani na si kichwani. Maji ya mwisho akasema, "Hapa kafuri," akasugua vidole hewani kama anayeinyunyiza.

Wakati huo huo Sadallah akaingia. Akamwona Bi Salma ameinama juu ya benchi anaosha, fundi kavua kofia, mimi nabofya na machozi yananitoka. Rangi ikamtoka.

"Inna lillahi! Bi Mauwa, nani amefariki dukani kwangu?"

"Hakuna, baba. Tunaandika."

Akautazama mkeka wake uliokuwa unapakwa marashi yasiyokuwepo. Akatazama wateja wawili waliosimama mlangoni mikono kifuani, wameshaanza kumwombea marehemu. Akatoka nje taratibu, akasimama huko mpaka tulipomaliza.

Bi Salma alipokaa akafuta mikono mikavu kwa kanga. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Kwani ulikuwa umeandika vipi hapo kwenye pande?"

"Kompyuta ilikuwa imeweka kushoto kwanza," nikasema.

Tasbihi ikasimama kwenye vidole vyake. "Kompyuta."

"Ndiyo. Na kafuri ikaiweka mwanzo."

Akanigeuzia yale macho yake ya ukungu, akayaacha usoni kwangu muda mrefu. Jamali akajishughulisha na waya ambao haukuwa na tatizo.

"Basi irekebishe," akasema Bi Salma mwishowe. "Usiigombeze. Haijawahi kuosha mtu, itajuaje?"

"Sawa, Bi Salma."

Nimetafuta kwa masheikh kama kuna dhambi ya kusingizia kompyuta. Mpaka leo sijapata jibu, na nadhani ni kwa sababu sijauliza kwa sauti.

Sasa mngedhani mambo yangu yamekwisha hapo. Jamali akafungasha bisibisi zake akaondoka na asante zetu, na mimi, madirisha yangu mawili yamesimama ubavu kwa ubavu, kitendo na dua yake, mstari kwa mstari, nikaamuru mashine ichape. Printa ikapiga kelele kama cherehani yenye njaa. Karatasi ikatoka. Ina vitendo tu. Nusu yake tupu, dua hakuna hata moja.

Nikapiga tena simu Buguruni, kijana hata hajafika. Alipofika alinipigia yeye.

"Mama, kupangwa kule ni kwa macho yako tu pale kwenye kioo. Kila dirisha ni karatasi yake. Huwezi kuchapa yote mawili kwenye karatasi moja hivyo. Inabidi uyahamishie kwenye jedwali, nije nikufundishe Jumatatu."

"Jumatatu Bi Salma yuko Kilwa."

"Basi chapa moja moja."

Nikachapa. Nikapata rundo la vitendo na rundo la dua. Nikarudi nyumbani nayo nimeyakumbatia kama mkate. Nikakaa uani, nikachukua sindano na uzi ule ule mweupe na kijani uliobaki, nikaziweka karatasi ubavu kwa ubavu, nikazishona. Karatasi ya vitendo na karatasi ya dua yake, mshono katikati, mistari inatazamana. Kazi hiyo, bila kujisifu, sikuhitaji fundi wa Buguruni. Mtu aliyeziona alisema zinafanana na foronya. Nikamwambia ndiyo, za kulalia.

Ijumaa asubuhi nikampelekea Bi Salma. Vitu vyake vilikuwa vimeshafungwa kwenye marobota, kitanda kimefunguliwa, yeye kakaa juu ya kigoda katikati ya chumba kitupu. Akapitisha vidole kwenye mshono kutoka juu mpaka chini.

"Soma," akasema.

Nikasoma tangu kumfunika mpaka fundo la mwisho la sanda, kushoto kitendo, kulia dua. Alisikiliza amefumba macho, midomo inamcheza. Nilipofika pale pa pande, midomo ikasimama. Nikasoma: kulia, kisha kushoto. Midomo ikaendelea.

Nilipomaliza nikangoja.

"Unasoma mbio," akasema. "Maiti hana haraka."

Hiyo ndiyo iliyokuwa shahada yangu. Mashaka akaita nje kwamba wakati umefika. Akainuka, akanipa kibuyu chake cha marashi bila kusema ni cha nini, akatoka.

Hazikupita siku nyingi, mama mkwe wa Chausiku, nyumba ya tatu kutoka kwangu, akatangulia mbele ya haki. Turubai halijafungwa, mtoto akaja mlangoni kwangu. Nikachukua kibuyu, nikachukua foronya yangu ya karatasi. Akina mama waliokuwa uani wakanipisha kama zamani, lakini safari hii hakukuwa na mgongo wa mtu mbele yangu wa kujificha. Mmoja aliingia nyuma yangu na ndoo. Miwani ikaniingia mvuke wa maji ya moto, nikaifuta, ikaingia tena. Nikampa Chausiku zile karatasi azishike juu, mbali na maji, nikamwambia awe ananisomea kushoto, kisha kulia, polepole.

Akasoma kumfunika. Akasoma tumbo. Akasoma kutawadhisha. Nikasema Bismillahi, nikaanza na upande wa kulia.